Kazi Ndefu za Wingu: Namba Mkononi Kabla ya Subira

Mwambie mtoa huduma ya wingu akuundie hifadhidata. Kufumba na kufumbua jibu limerudi, nalo ni la heri: ombi limepokewa. Hifadhidata yenyewe haipo. Itakuwepo baada ya dakika tano, au kumi na tano, au isiwepo kabisa kwa sababu kituo cha data kimeishiwa mashine za aina uliyoitaka, jambo ambalo halikujulikana ombi lilipopokewa. Kati ya jibu la kwanza na mwisho wa kazi kuna kipindi ambacho programu yako haina budi kuishi nacho. Uchambuzi huu unahusu kipindi hicho, na swali lake ni moja: maktaba ya programu, ile inayokaa kati ya msanidi na API ya wingu, imkabidhi msanidi kitu gani wakati kazi bado inaendelea?

Wengi hujibu haraka kwamba imkabidhi subira. Msanidi atoe amri moja, maktaba isubiri kwa niaba yake, kisha imletee hifadhidata iliyo tayari. Jibu hilo linapendeza, na ndilo lililojengwa ndani ya maktaba nyingi. Mimi naona limeanzia mwishoni. Kinachotakiwa kufika mkononi kwanza ni namba ya kazi. Subira ifuate, kwa anayeihitaji.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini muunganisho usiachwe wazi mpaka kazi iishe, tukaepuka shida yote hii. Tatizo ni njia. Kati ya programu na seva vipo visawazisha mzigo na milango ya mitandao ambavyo havipendi muunganisho uliokaa kimya. Application Load Balancer ya AWS, usipoibadilisha, hukata muunganisho uliokaa bure kwa sekunde 60. Kisawazisha mzigo cha Azure huvumilia dakika 4. Kazi zenyewe hazina huruma na vipimo hivyo. Glacier, ghala la AWS la data isiyoguswa mara kwa mara lililofunguliwa mwaka 2012, lilimtaka mteja angoje saa 3 hadi 5 kwa njia ya kawaida kabla faili lake halijawa tayari kupakuliwa. Hakuna muunganisho wa HTTP utakaoshikiliwa saa tano huku msanidi wa Mwanza akibadilisha bando na umeme ukikatika.

Waandishi wa HTTP waliliona hili mapema. Jibu namba 202, maana yake ombi limekubaliwa lakini halijatekelezwa, lilikuwemo tayari katika maelezo ya HTTP/1.0 yaliyotolewa mwaka 1996, chini ya jina RFC 1945. Waliliandika makusudi lisifungamane na matokeo yoyote, na wakakiri kwamba HTTP haina njia ya kumrudia mteja baadaye na jibu la pili. Wakashauri tu kwamba jibu la kwanza lielekeze mahali pa kuulizia hali ya kazi. Mahali hapo pakoje, panaitwaje, panadumu kwa muda gani, hawakusema. Pengo hilo kila kampuni ililiziba kivyake.

Google waliifanya kazi yenyewe kuwa kitu kinachojitegemea. Ukianzisha kazi ndefu katika huduma zao nyingi unapewa Operation: ina jina, ina alama ya kuonyesha kama imekwisha, ina maelezo ya maendeleo, na ikiisha ina kimojawapo cha viwili, hitilafu au matokeo, kamwe si vyote. Kanuni zake zimeandikwa katika mwongozo wao wa AIP-151, pamoja na amri za kuiulizia, kuziorodhesha, kuifuta na kuomba isitishwe. Kwa macho yangu hili ndilo umbo safi kuliko yote. Hata hivyo Compute Engine, huduma yao ya mashine pepe, ina Operation yake tofauti yenye hali za PENDING, RUNNING na DONE, nayo imegawanywa kwa maeneo: ya kanda ndogo, ya kanda kubwa na ya dunia nzima. Ukiwa na jina la kazi bila kujua ilifanyika katika kanda gani, hujui mlango wa kuuliza.

Azure wao waliiweka habari kwenye vichwa vya jibu la HTTP. Mara ni Azure-AsyncOperation, mara ni Location, mara hakuna kichwa chochote na inabidi usome neno la provisioningState ndani ya maelezo ya rasilimali yenyewe. Kazi ikiisha, matokeo hayako lazima mahali ulipokuwa ukiulizia: iliyoanza kwa PUT, unarudi kwenye anwani ya mwanzo, iliyoanza kwa POST, mara nyingi unafuata Location. Hapa ndipo maktaba inapostahili mshahara wake. Msanidi hapaswi kuujua mzunguko huo, na katika maktaba za Azure haujui.

AWS, kwa muda mrefu, katika huduma zao nyingi hawakuwa na kitu kama Operation. Ukiomba mashine za EC2 unapewa namba za mashine, hali yake ikiwa pending, na unaitazama mashine yenyewe mpaka igeuke running. Maktaba zao hubeba visubirishi vilivyoandikwa kama data, vyenye namba zilizo wazi: kwa mashine ya EC2, uliza kila sekunde 15, mara 40, jumla dakika 10; kwa hifadhidata ya RDS, kila sekunde 30, mara 60, jumla nusu saa. Ni rahisi na kwa kuunda kitu kipya inatosha. Inaanza kupwaya unapobadilisha kitu kilichopo. Hifadhidata yako ipo, hali yake ni available, unaomba iongezewe ukubwa, kisha mara moja unaita kisubirishi cha available. Seva haijaanza hata kuigusa. Bado inasema available. Kisubirishi kinarudi na furaha kwamba kazi imekwisha. Hakikudanganya, kiliulizwa swali lisilo sahihi. Hali ya rasilimali inakuambia ilivyo sasa, haikuambii ombi lako limefika wapi. Cloud Control API, ambayo AWS waliitoa mwaka 2021, humpa mteja tokeni ya ombi ya kuulizia, na sidhani ni kwa bahati.

Kwa msanidi wa Nairobi au Kisumu, kazi ndefu ya kwanza kukutana nayo huenda haikuwa ya mashine pepe bali ya malipo. Daraja, API ya M-Pesa ya Safaricom, ina ombi la kumsukumia mteja dirisha la PIN kwenye simu. Programu ikituma ombi inajibiwa ResponseCode 0 na namba iitwayo CheckoutRequestID. Sifuri hiyo haisemi kwamba pesa zimelipwa. Inasema ombi limekubaliwa kwa utekelezaji, ileile 202 iliyovaa nguo nyingine. Mwenye simu anaweza kuweka PIN, anaweza kukataa, anaweza kuwa ameiacha simu chaji kwa jirani. Matokeo huja baadaye kwenye anwani uliyoitoa, yakiwa na ResultCode: 0 kwa malipo yaliyokamilika, 1032 kwa mteja aliyeghairi. Duka la mtandaoni linaloitazama sifuri ya kwanza na kuachilia mzigo linagawa mali bure. Na duka lililoisahau CheckoutRequestID halina namna nzuri ya kuuliza pale majibu yanapopotea njiani, kwa sababu amri ya kuulizia inaitaka namba hiyohiyo.

Turudi kwa mwandishi wa maktaba. Amekaa na Operation ya Google au vichwa vya Azure, na anatafuta umbo ambalo msanidi wa Java au Python amelizoea. Umbo lipo tayari, tena la zamani. Wazo la ahadi, yaani objekti inayosimama badala ya thamani ambayo haijafika, lilijadiliwa na Daniel Friedman na David Wise mwaka 1976, na Henry Baker na Carl Hewitt mwaka uliofuata. Barbara Liskov na Liuba Shrira walilipeleka kwenye miito ya mbali katika lugha ya Argus mwaka 1988. Kisha likaingia mitaani: Java 5 mwaka 2004, Python 3.2 mwaka 2011, JavaScript mwaka 2015. Kila msanidi wa leo analijua. Kazi ndefu inaleta thamani baadaye. Ahadi ni thamani itakayokuja baadaye. Zinashabihiana mno kiasi kwamba kutozioanisha kungeonekana ukaidi.

Zinashabihiana upande wa thamani. Upande wa umri zinaachana. Ahadi inaishi ndani ya kumbukumbu ya programu iliyoiunda, na programu ikifa ahadi inakufa nayo. Kazi inaishi kwenye seva, haijui programu yako iko hai au imekufa, wala haijali. Programu za siku hizi hufa mara nyingi, tena bila kosa lolote: toleo jipya linapowekwa, kontena inapohamishwa, funksheni isiyo na seva inapomaliza muda wake. Lambda ya AWS hukatwa ikifika dakika 15. Programu iliyoshika ahadi ya kazi ya dakika 20 ndani ya Lambda imeshika hewa.

Watanzania wanaujua mpango ulio sahihi bila kusoma AIP yoyote. Wakati wa kusajili laini za simu kwa alama za vidole, watu wengi walikuwa na namba ya NIDA bila kadi. Kadi ilikuwa bado kuchapwa, lakini namba ilitosha: iliandikwa kwenye karatasi, ikatumwa kwa ujumbe, ikatumika dukani. Hakuna aliyetakiwa kukaa kwenye benchi la ofisi mpaka kadi itoke, na aliyehama wilaya hakuipoteza namba yake. Maktaba inayorudisha ahadi tupu inamkalisha msanidi kwenye benchi.

Jina la kazi, ambalo ndilo namba yake, basi, ni lazima lipatikane, na lipatikane kwa urahisi. Hapa maktaba zinatofautiana zaidi ya inavyodhaniwa. Katika maktaba za Python za Google, amri hurudisha objekti yenye result ya kusubiria. Jina la kazi lipo, ila unalifikia kwa kuchimba operation ndani ya operation kisha name. Limefukiwa tabaka mbili chini, na msanidi asiyelitafuta hatalikuta. Maktaba zao za C++ zilianza kwa kurudisha ahadi tu. Baadaye ikaongezwa alama iitwayo NoAwaitTag, ambayo ukiipitisha unapewa kazi yenyewe badala ya ahadi, uihifadhi utakapo, na kuna amri nyingine ya kuisubiri ukirudi. Ni marekebisho mazuri, lakini bado njia ya mkato ndiyo iliyowekwa mbele ya mgeni.

Azure walikuwa na busara zaidi katika kutaja majina. Katika Python amri zote za namna hii huanza na begin_, hivyo anayesoma msimbo anajua kinachoanza hapa hakiishii hapa. Katika .NET wakaenda mbali zaidi: kigezo cha WaitUntil ni cha lazima, na unachagua Started au Completed. Wapo wanaolalamika kwamba ni kelele kwenye kila mstari. Kwangu ni kelele ya maana, kwani mwandishi analazimika kuamua mbele ya macho ya wenzake kama programu itasimama pale au itaendelea, na anayepitia msimbo miezi sita baadaye anauona uamuzi huo bila kufungua hati zozote.

Kulipata jina ni nusu ya safari. Nusu ya pili ni kurudi nalo. Tuseme umelihifadhi kwenye jedwali, programu imeanza upya, unalisoma. Ni mfuatano wa herufi tu. Matokeo yakifika yatakuwa ya aina gani: hifadhidata, mashine, au faili la ripoti? Katika Google, matokeo husafiri ndani ya bahasha iwezayo kubeba aina yoyote, na aina halisi imeandikwa kwenye maelezo ya amri iliyoianzisha kazi, mahali ambapo jina la kazi halifiki. Maktaba haina budi kumtaka msanidi ataje aina tena, na akikosea hitilafu itajulikana mwishoni kabisa. Azure katika Go hutoa ResumeToken, kifurushi kilichofungwa kinachobeba zaidi ya jina, nacho hurudishwa kwa amri ileile iliyoianzisha kazi. Ubaya wake ni kwamba huwezi kukisoma kwa macho, wala kukipeleka kwa maktaba ya lugha nyingine kwa uhakika. Ningekuwa mimi ningehifadhi vyote viwili, jina la wazi kwa ajili ya binadamu anayetafuta usiku wa manane kilichokwama, na kifurushi kwa ajili ya mashine.

Sasa kuhusu kushindwa, mahali ambapo ahadi inaumiza zaidi. Ahadi ya kawaida ina mlango mmoja wa hitilafu. Kazi ndefu ina mitatu, na kila mmoja unadai hatua tofauti.

Wa kwanza, kazi yenyewe imeshindwa: mashine zimeisha, mipangilio ina kosa. Seva imetoa hukumu na hukumu ni ya mwisho. Zingatia kwamba hukumu hiyo hufika ndani ya jibu la HTTP namba 200, maana kuuliza kumefanikiwa. Aliyekagua namba ya HTTP peke yake atasherehekea maiti. Wa pili, kuuliza kumeshindwa: mtandao umekatika, tokeni ya utambulisho imepitwa na wakati. Kazi huenda inaendelea salama, hujui tu. Wa tatu, subira yako imekwisha: ulisema utangoje dakika 10 na zimepita. Hakuna kilichoshindwa popote isipokuwa uvumilivu.

Maktaba inapoitupa mitatu hii kwenye kapu moja, msanidi huikamata yote kwa mstari mmoja na kufanya jambo linaloonekana la kawaida: anajaribu tena tangu mwanzo. Kwa mlango wa kwanza huenda ni sawa. Kwa wa pili na wa tatu anaunda hifadhidata ya pili wakati ya kwanza iko njiani, na ankara ya mwisho wa mwezi itamfahamisha. Katika Python, result yenye ukomo wa muda hutupa TimeoutError huku kazi ikiendelea kwenye seva kama kawaida, na jina la hitilafu hiyo halidokezi lolote kuhusu uhai wa kazi.

Maktaba ya Rust ya Google imelishika jambo hili vizuri kuliko ndugu zake wakubwa. Kila ukiulizia unapata kimojawapo cha vitatu: InProgress, Completed au PollingError. Hukumu ya kazi, njema au mbaya, imo ndani ya Completed. Tatizo la njiani liko peke yake. Na kwa kuwa mkusanyaji wa Rust hudai kila tawi lishughulikiwe, msanidi hawezi kulisahau kwa bahati mbaya. Asiyetaka maelezo yote ana until_done, anasubiri na kwisha. Kwa hiyo subira imejengwa juu ya hatua mojamoja, na hatua zimeachwa wazi kwa anayezitaka. Hivyo ndivyo ngazi inavyopaswa kupangwa. Faida yake ya pembeni ni majaribio: unaweza kuipa programu mfuatano wa majibu bandia, la kwanza bado, la pili mtandao umekatika, la tatu tayari, bila kulala hata sekunde moja. Maktaba iliyoifungia subira ndani hulazimisha majaribio yake yasubiri kwelikweli, na majaribio ya aina hiyo watu huacha kuyaendesha.

Kuhusu mwendo wa kuulizia sina mengi, kwa sababu hapa elimu imetulia. Usiulize kwa nafasi zilezile. Refusha pumziko taratibu na uchanganye bahati nasibu ndani yake, ili programu elfu moja zilizoanza pamoja zisigonge mlango kwa sekunde moja. Marc Brooker wa AWS alilionyesha hilo kwa namba mwaka 2015, na Smithy, lugha wanayotumia AWS kueleza API zao, huweka pumziko kati ya sekunde 2 na 120 usipotaja mengine. Seva ikituma Retry-After, itii. Yenyewe ndiyo inayojua foleni yake. Compute Engine ina pia amri ya wait, inayoshikilia ombi hadi dakika 2 na kujibu mara tu kazi inapoisha, jambo linalopunguza safari. Kwa anayeongoza mashine zilizo Ulaya kutoka Arusha, kila safari iliyopungua ina ladha yake.

Kusitisha kunastahili maneno zaidi. Msanidi akibonyeza kitufe cha kughairi, anaghairi nini? Katika Go, ukiifunga context umeacha kusubiri; seva haijaambiwa kitu. Katika maktaba ya Python ya Google, cancel kwenye objekti ya kazi hutuma ombi la kweli la kusitisha. Neno moja, matendo mawili yaliyo mbali kama mbingu na ardhi. Na hata ombi la kweli ni ombi tu: mwongozo wa Google unaeleza kwamba seva itajitahidi bila dhamana ya kufaulu, kwamba huduma isiyoliunga mkono inaruhusiwa kulikataa, na kwamba kazi iliyositishwa haipotei bali huisha ikiwa na hitilafu ya CANCELLED. Anayetaka uhakika lazima aendelee kuulizia baada ya kughairi. Kwa hiyo naona maktaba isiliweke neno cancel juu ya kitu chenye umbo la ahadi hata kidogo. Iwe na amri mbili zenye majina mawili, moja ya kuacha kusubiri na nyingine ya kuiomba seva isitishe, na hii ya pili ionekane wazi kuwa ni safari ya mtandao inayoweza kushindwa.

Limebaki shimo ambalo namba peke yake haizibi. Ombi limetoka, seva imelipokea na kuanza kazi, kisha muunganisho umekatika kabla jibu lenye namba halijarudi. Kazi ipo, na wewe huna jina lake. Dawa ni kuipa kazi utambulisho kutoka upande wa mteja kabla ya kutuma. EC2 ina ClientToken: ukirudia ombi lenye tokeni ileile hupati mashine nyingine, unapewa zilezile za kwanza. Compute Engine ina requestId kwa kazi hiyohiyo. Azure, kwa kiasi kikubwa, wameliepa shimo kwa kumwachia mteja achague jina la rasilimali na kuliandika kwa PUT, hivyo kurudia si dhambi. Maktaba nyingi hujitungia tokeni zenyewe pale msanidi asipoitoa. Hilo linamkinga dhidi ya kurudia kunakofanywa na maktaba. Programu ikifa, tokeni iliyotungwa kimyakimya imekwenda nayo, na programu mpya itatunga nyingine. Anayetaka kinga kamili aandike tokeni yake kwenye hifadhi kwanza, ndipo atume.

Wapo wanaosema mjadala wote huu unatokana na kuwaza vibaya, na hoja yao ina uzito. Kubernetes, iliyotangazwa hadharani mwaka 2014, haina Operation. Unaandika unachotaka kiwe, vidhibiti vinafanya kazi bila kuchoka kukisogeza kilichopo kifanane na kilichoandikwa, na ukitaka kujua umefika wapi unatazama status. Hakuna namba ya kupoteza, kwa sababu utashi wako umehifadhiwa upande wa seva. Hata lile tatizo la RDS limepewa dawa: kila badiliko la utashi huongeza namba ya generation, na kidhibiti huandika observedGeneration kuonyesha kimesoma mpaka wapi. Zikilingana, hali unayoiona ni ya ombi lako la mwisho. Zisipolingana, ngoja.

Kwa vitu vinavyodumu, kama mashine na hifadhidata, nakubali kwamba huo ni mpango bora. Lakini kazi nyingi ndefu si vitu vinavyodumu. Kunakili sauti ya saa mbili kuwa maandishi, kuhamisha data kutoka ghala moja hadi jingine, kumwomba mtu PIN yake: haya ni matukio. Hutaki kidhibiti kisichochoka kiendelee kuhakikisha kwamba malipo yamefanyika. Unataka yafanyike mara moja, na upate namba ya kuyaulizia. Ndiyo maana Kubernetes yenyewe ilihitaji kitu kiitwacho Job, na Job, ukiichunguza, ni kazi ndefu yenye jina, yenye hali, na yenye mwisho.

Namba hiyo nayo ina umri. AIP-151 inapendekeza kwamba Operation iliyokwisha inaweza kufutwa baada ya takriban siku 30. Programu iliyohifadhi jina na kurudi mwezi wa tatu itaambiwa hakuna kitu kama hicho, na maktaba itaileta habari hiyo kama hitilafu ya kuuliza, ilhali hifadhidata iko pale inafanya kazi. Hapo shahidi pekee aliyebaki ni rasilimali yenyewe, mtindo wa AWS wa zamani. Maktaba makini ingemwambia msanidi tofauti kati ya kazi isiyojulikana na kazi iliyoshindwa. Chache hufanya hivyo.

Nani basi aibebe namba pale ambapo programu haina mahali pa kuandika? Siku hizi wengi huikabidhi injini ya mtiririko wa kazi. Temporal ni mojawapo, Step Functions ya AWS, iliyotoka mwaka 2016, ni nyingine. Katika Step Functions unaandika hatua, unaongeza .sync mwishoni mwa jina la huduma, na injini yenyewe huanzisha kazi, huishika namba, na huendelea kuulizia hata kwa mwaka mzima, ambao ndio ukomo wa mtiririko wa kawaida. Programu yako inaweza kulala. Ila mtiririko huo nao unaanzishwa kwa ombi, StartExecution, linalorudi papo hapo na ARN, yaani utambulisho wa kuulizia, na muunganisho wake unaweza kukatika kama mwingine wowote. Ukiutaja mtiririko kwa jina ulilolichagua wewe, ukilirudia ombi lenye jina lilelile na data ileile wakati bado unaendelea, unapewa jibu la kwanza. Ukibadilisha data unakataliwa kwa ExecutionAlreadyExists, na jina la mtiririko uliokwisha halitumiki tena kwa siku 90. Ukiliacha jina tupu, hutungiwa jipya kwa kila ombi, na kila kurudia ni mtiririko mwingine.